Kilio cha Mzee Nsengiyumva

Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Ihirwe hakukitilia shaka, ni kilio cha baba yake.

Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha filamu hapo Kigali, na kazi yake ya kuhitimu ilikuwa filamu fupi: mzee anamwoza binti yake, wageni wanaondoka, naye anabaki peke yake uani na viti vya kukodi. Basi, hakuna zaidi. Waigizaji aliowajaribu walikuwa wakipaza sauti kama wanahubiri uwanjani, ndipo akamwomba baba yake mwenyewe, Mzee Nsengiyumva, muuza matairi wa mtaa wa Sonatubes. Huyu ni mtu ambaye hata siku ya kumzika mkewe alisimama macho makavu, akiwahimiza wengine wajikaze. Lakini Ihirwe ni kitinda mimba wake, na kitinda mimba hanyimwi.

Siku ya kupiga picha, nyumbani kwao Kimironko, Ihirwe alimnong'oneza, "Papa, kumbuka jioni ile alipoolewa Ariane."

Ariane ni dada yake mkubwa, aliyeolewa Bujumbura muda mfupi baada ya mama yao kufariki. Mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki, akainamisha kichwa, na mara akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kamasi zikimtoka. Keith, rafiki yake Ihirwe, ndiye aliyeshika kamera. Ihirwe naye alilia nyuma ya kamera, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, moyo wake ulikuwa ukishangilia. Alijua ameokota almasi.

Na aliyeokota almasi huivaa hata akienda kuteka maji. Ihirwe alikirefusha kilio kile, akakisogeza karibu mpaka uso ukajaa kioo chote, kisha akakimwagia muziki wa kinanda.

Mwalimu wake, Gahongayire, alikuwa na sharti moja lisilokwepeka: hasahihishi filamu mpaka ionyeshwe kwanza kwa watu wasiowahi kushika kamera, na mwanafunzi alete picha za kuthibitisha. Ihirwe akachagua Nyamirambo, chumba cha nyuma cha duka la chai, ambako watu hutazama mpira na zile filamu za kigeni ambazo msimulizi huzitafsiri papo hapo kwa Kinyarwanda, akitia chumvi na pilipili. Watu wa chumba kile hawajui kutazama kimya. Keith akaegemeza simu yake chini ya kioo cha runinga, ikirekodi watazamaji, ili mwalimu apate ushahidi wake. Mzee Nsengiyumva alikuja na koti na tai, akakaa mstari wa mbele.

Filamu ikaenda vizuri. Kilio kilipofika na kinanda kikapanda, fundi cherehani mmoja aitwaye Pretty, mwenye kitambaa chekundu kichwani, akapaza sauti kama ya wale wasimulizi.

"Mzee iko nasema: mukuje mukamate ng'ombe zenu, munirudishie mutoto wangu!"

Chumba kikapasuka. Watu walicheka mpaka wakapigana mabega, na kila mzee alipovuta kamasi kwenye kioo walianza upya. Mzee mwenyewe hakugeuka. Ihirwe aliona shingo ya baba yake ikikakamaa ndani ya kola, akatamani ardhi ipasuke.

Mwishoni watu waligawiwa karatasi za maoni. Sasa, Wanyarwanda ni watu wa adabu. Ukiwapikia uji wa chumvi watakushukuru na kukuombea heri. Karatasi zote zilirudi na sifa. "Nzuri sana." "Mungu akubariki." Pretty mwenyewe aliandika, "Hongera, endelea hivyohivyo."

Kumbe chumbani mlikuwa na dereva wa pikipiki wa Sonatubes. Juma lilipoanza, kijiwe kizima kilikuwa na habari. "Mzee, tulilie kidogo, abiria wapatikane!" walimtania kila alipopita. Mtu aliyewauzia matairi kwa heshima miaka yote alifunga duka mchana kweupe, akarudi nyumbani.

"Ihirwe," alisema bila kuvua koti, "toa uso wangu humo."

"Papa, wale watu hawajui sinema."

"Hata mimi sijui sinema. Ninachojua ni kwamba nimechekwa. Na siku yenu kubwa ya maonyesho na tuzo chuoni, usinitafute. Sitakuja."

Kauli ile ilimchoma Ihirwe kuliko kicheko chenyewe. Filamu bila baba yake haikuwepo. Na filamu ikishinda huku baba yake akiwa amejificha ndani, ushindi huo ungekuwa wa nani? Alikwenda kwa mwalimu akiwa amefura, akawaita watu wa Nyamirambo washamba wasiojua uchungu. Gahongayire, aliyekulia Tanzania na kurudi na methali za huko zote, alimwacha amalize.

"Karatasi zimesema nini?"

"Zimesema nzuri."

"Hiyo ni adabu tu, binti yangu. Watu wa hapa watakuficha kwa kalamu, lakini uso hauwezi kuficha. Nyuso zao unazo?"

Ihirwe akaikumbuka simu ya Keith.

"Basi nenda ukazitazame. Na ukiona pa kukata, kata. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Walizitazama nyumbani kwa Keith, filamu upande mmoja wa kompyuta na nyuso upande wa pili, sauti imezimwa. Ihirwe alijiandaa kuwachukia tena. Lakini kabla ya kilio aliona jambo ambalo usiku ule hakuliona, kwa sababu alikuwa akitazama kioo, na nyani haoni kundule.

Ni pale penye kandambili. Hilo hata halikuandikwa kwenye hadithi. Msichana aliyeigiza bibi harusi alikuwa amevua kandambili zake mlangoni avae viatu virefu, na Mzee Nsengiyumva, akisubiri kuambiwa aanze, aliinama, akazipanga moja kando ya nyingine, ncha zikielekea ndani ya nyumba. Keith alikuwa amesahau kuzima kamera. Ihirwe alikuwa amechukua kipande kidogo tu, cha kuzibia pengo.

Na kwenye kipande hicho kidogo, chumba kizima kilikuwa kimeganda. Kijana wa nyuma alishusha simu yake. Mama mmoja alijishika shingo. Pretty, Pretty yuleyule, aliacha kutafuna na kuweka mkono mdomoni, machozi yakimlengalenga. Halafu kilio kikaingia kwa kishindo, nyuso zote zikafungika, na vicheko vikaanza.

"Rudisha," alisema Ihirwe. Keith akarudisha. Ikawa vilevile.

"Sha Ihirwe, rafiki yangu," Keith alisema polepole, "watu walikuwa wameshafika. Wewe ukawapigia honi."

Ni kweli. Walikuwa wanataka kulia wao, naye akawanyang'anya zamu. Ihirwe alielewa cha kufanya, akashindwa kukifanya. Machozi yale ndiyo pekee aliyowahi kuyaona kwa baba yake. Kuyakata kulikuwa kama kumwambia mzee kwamba hata uchungu wake haukufaa.

Alibeba kompyuta mpaka nyumbani, akaiweka mezani mbele ya baba yake. Hakumwonyesha filamu. Alimwonyesha nyuso.

Mzee alitazama, mikono imekunjwa. "Hawa ndio walionicheka?"

"Ndio hao. Hapo wanakutazama ukipanga kandambili."

"Na huyu wa kitambaa chekundu, mbona anataka kulia?"

"Huyo ndiye aliyepiga kelele, Papa."

Mzee akavuta kiti karibu. Aliomba arudishiwe mara mbili, akamsogelea yule Pretty wa kwenye kioo kama anayesoma maandishi madogo. Mikono ikakunjuka.

"Hata sikujua mnapiga picha," alisema. "Viatu vya mtoto havitazami nje. Mama yenu ndiye aliyekuwa akizigeuza kandambili za Ariane hivyo, kila Ariane akisafiri, ili arudi salama."

Baba yake akamwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakulifanya tangu binti yake avae sare ya shule.

"Kile kilio kilikuwa cha mama yenu. Si cha watu. Kibaki hapa nyumbani. Kata, mwanangu."

Ihirwe akakata. Kinanda kikaenda, uso uliojaa kioo ukaenda, na kilio chote kikaenda, hata kwikwi moja haikubaki. Kandambili alizipa muda wao wote: mzee anainama, anazipanga, anakaa amewapa watazamaji mgongo, na mgongo ule unapumua. Giza.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa. Ihirwe alikuwa amewaalika watu wa duka la chai, na Pretty alifika na vitenge vipya na sauti yake yote. Mzee Nsengiyumva hakuonekana. Taa zilipozimwa ndipo Ihirwe akamwona kwa nyuma, amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, tayari kutoka watu wakianza kucheka.

Zikaja kandambili. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa. Pretty hakusema neno, na hiyo peke yake ilikuwa habari ya mjini. Mgongo ukapumua, giza likaingia, na giza lile likakaa kimya mpaka Ihirwe akaogopa. Kisha ukumbi ukasimama. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, wakapiga miguu sakafuni, na Gahongayire aliyepanda jukwaani kuitangaza filamu bora ya mwaka alilazimika kuanza sentensi yake mara tatu. Ihirwe hakuisikia hata mara moja. Alikuwa anasukumana na watu kuelekea mlangoni, akilia na kucheka.

Pretty alikuwa amemtangulia. Alikuwa ameushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, uso umelowa, kitambaa kimekaa upande.

"Yooo, mzee wangu! Ile siku ingine ulilia mubaya, nikakuchekaka, unisamehe. Lakini leo! Leo vile umelia, na sisi wote tumelia."

Watu waliomzunguka wakaitikia: yego, kweli, mzee amelia kama mzazi. Dereva mmoja wa Sonatubes alikuwa anajifuta kwa kofia.

Mzee Nsengiyumva, ambaye katika filamu ile hakudondosha hata chozi moja, alimtazama binti yake juu ya vichwa vya watu. Kisha akainama kidogo kwa heshima.

"Asante, mama," alisema. "Nilijitahidi."