Oili Nyepesi

Neno lenyewe lilianzia saluni, chini ya kikaushio cha nywele, na kufikia Ijumaa lilikuwa limemkaa Mama Mpishi kooni kama mwiba wa samaki: halimezeki, halitemeki.

"Yale magari madogo ya mbio," alisema mwanamke wa kiti cha pili, macho ameyafumba, "injini zake zinakaba ghafla katikati ya barabara. Wanazitia oili nyepesi kama maji. Kuna binti mmoja, basi tu, yaani hata sitaki kusimulia."

Na kweli hakusimulia, na hapo ndipo alipoharibu. Angesimulia, pengine habari ingekuwa na mtaa, siku na chanzo, na mtu angeweza kuipima. Lakini binti yule aliachwa vivyo hivyo, hana jina wala kwao. Alikuwa binti tu, na Mama Mpishi alikuwa na binti.

Jina la Mama Mpishi alilipata katika jiko la hospitali, ambako alikuwa amepikia wagonjwa kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa haonji mchuzi ndipo ajue kama umeiva. Aliinua upawa tu, akatazama unavyodondoka. Ukidondoka upesi, aliongeza unga. Marehemu mumewe, dereva wa malori, naye alikuwa na kipimo chake. Alichukua tone la oili akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akasema, "Hii inashika." Nyumbani kwao kitu chema kilikuwa kizito, kiwe blanketi, mchuzi au oili. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kama somo. Lilikuwa limeingia ukutani pamoja na moshi wa jiko.

Sasa uani pake palikuwa na gari la buluu, la chini chini, limeinua makalio kama panzi anayetaka kuruka. Binti yake alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa nzima aliwafundisha watu kwenda polepole, kutazama kioo, kupisha wavuka barabara; kisha akirudi nyumbani anaivua sare ya kazi na kulipangusa gari lake kwa kitambaa laini kama anayemfuta mtoto pua. Jumamosi, saa tatu asubuhi, timu moja ya mbio za magari ingemjaribu uwanjani. Walitaka dereva mmoja, na walikuwa wameita watu saba. Kila mtu aje na gari lake, azunguke mara kumi, basi. Miaka mitatu binti alikuwa akiisubiri barua ya mwito kama huo.

Alhamisi jioni Mama Mpishi alimkuta ameinama juu ya boneti.

"Hiyo oili yako," alianza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "ni nzito?"

"Ni sahihi, Mama."

"Sikuuliza kama ni sahihi."

Binti alicheka. Akachomoa kile kijiti cha kupimia, akamwonyesha. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, lakini asali haikimbii namna ile. Iliteleza kwenye kijiti, ikakusanyika nchani, ikadondoka. Kama chai.

"Umeona? Safi kabisa. Na kiasi chake ni hapa hapa penye alama. Ndivyo kitabu cha gari kinavyotaka."

"Kitabu hakipandi gari."

"Wala saluni haipandi," alijibu binti, maana alimjua mama yake na siku zake za kusuka. "Mwanamke mwenzangu, tulia."

Akimwita hivyo, mazungumzo yalikuwa yamefungwa. Mama Mpishi alitulia usoni tu.

Ijumaa zamu yake iliisha saa sita. Nyumba ilikuwa tupu, uani jua limetanda, gari limekaa kimya. Kwenye stoo, nyuma ya jembe na magunia, kulikuwa na kopo la mumewe, zito, halijafunguliwa tangu afariki. Alilipangusa vumbi. Picha ya lori ilikuwa bado inang'aa, na alipoiona moyo wake ulipata kitu cha kushika. Yule mzee alikuwa amevuka milima na mizigo ya saruji, na injini yake haikukaba hata siku moja.

Akachukua faneli ya jikoni ya kumiminia mafuta, akaifunga kitambaa safi shingoni, akafungua boneti kama alivyomwona bintiye akifanya. Kifuniko cha oili kilikuwa na alama ya kibirika. Hata mtu wa darasa la saba angekitambua. Akamimina. Oili ya mzee ilishuka taratibu, nene, nyeusi kidogo, bila haraka wala kelele. Aliifurahia. Mchuzi ukiwa maji unaukoleza. Sasa na huu umekolea. Alipomaliza alifunga kila kitu, akapangusa tone moja lililoangukia pembeni, akanawa mikono mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu saluni alivuta pumzi ikafika tumboni.

Pengine hadithi ingeishia hapo, na kuishia vibaya, kama si kwamba wema wake haukujua kusimama. Alifikiri: huko uwanjani je, ikipungua? Akalitia kopo tupu kikapuni, akatoka kwenda kununua jingine la akiba, mitaa mitatu kutoka kwake, dukani kwa mwanamke aliyeitwa na wote Mama Vipuri.

Mama Vipuri alikuwa anakunywa chai. Alilitazama kopo, akaligeuza.

"Dada, hili umelitoa jumba la makumbusho? Hii ni ishirini na hamsini, ya lori la zamani. Una lori siku hizi?"

"Si ya lori. Ni ya gari la binti yangu, lile la tabo."

Kikombe kilirudi mezani. "Umeshaitia?"

"Nimetia."

"Yote?"

"Yote. Nimechanganya na ile iliyokuwemo, ili iwe nzito nzito."

"Ile iliyokuwemo uliipunguza kwanza?"

"Niipunguze kwa nini?"

Mama Vipuri alivuta kiti, akamwashiria akae. Mama Mpishi hakukaa.

"Sikiliza, dada yangu. Tabo ni kama kifeni kidogo hivi, kinaisukumia injini hewa. Kinazunguka mpaka huwezi kuhesabu, na mhimili wake unaelea ndani ya oili. Sasa njia ya oili kufika pale ni nyembamba, mfano wa mrija wa juisi. Ukitia nzito, injini ikiwa baridi inapanda kama mtu mwenye magoti mabovu. Hata haijafika, kifeni kimeshazunguka kikavu. Halafu umezidisha kipimo. Injini itaipiga hiyo oili kama unavyopiga mayai, itoe povu. Povu linalainisha nini?"

Mayai aliyaelewa.

"Lakini ile yake ilikuwa nyepesi mno. Niliiona kwa macho yangu."

"Uliiona ikiwa baridi." Mama Vipuri alishusha kopo jingine kutoka rafuni, akaweka kidole kwenye maandishi. "Hii tano inasema oili itakimbia vipi injini ikiwa bado baridi. Hii arobaini inasema itasimama vipi ikishapata moto. Asubuhi nyepesi, ifike kote upesi. Ikichemka, haikimbii kazi. Kitabu cha gari ndicho kinachosema namba gani. Vidole vyetu havisemi."

Mama Mpishi aliitazama ile arobaini. Mchuzi wa namna hiyo, usiolegea motoni, alikuwa ameutafuta miaka ishirini na miwili. Kumbe upo, ila uko kwenye kopo.

"Akiwasha?" aliuliza.

"Akizunguka mtaani kidogo, labda Mungu atamsitiri. Akienda kuikamua mbioni, dada, hiyo injini inaweza kumkabia mkononi."

Basi yule binti wa saluni sasa alikuwa na mtaa, alikuwa na siku, na alikuwa na mama.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Binti akiwa na mwanafunzi garini huiweka simu kwenye droo ya ofisi. Akapiga tena njiani, akapiga tena, kisha akavua ndala akazishika mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, akakimbia barabarani mchana kweupe huku majirani wakimpisha na kumwuliza kuna msiba gani.

Lango lilikuwa wazi. Binti alikuwa ameshaketi kwenye usukani, mkanda ameufunga, kioo ameshusha. Alikuwa ameruhusiwa kutoka mapema, akalinyooshe gari kidogo kabla ya kesho. Ufunguo ulikuwa mahali pake na vidole vilikuwa juu ya ufunguo.

"Usiwashe!"

"Mama! Ndala zina nini?"

"Usiwashe kwanza, nakuomba."

Binti alimtazama anavyohema, akaegemea kiti, akatabasamu lile tabasamu la uvumilivu. "Haya. Leo umeota nini?"

Ndoto. Alikuwa ametengewa uongo mezani, kilichobaki ni kula tu. Kwa miaka mingi Mama Mpishi alikuwa ameota kila ilipohitajika: ndoto ilizuia safari ya kuogelea na wenzake wa shule, ndoto ilikataa pikipiki, ndoto ilimrudisha mchumba mmoja kwao kabla hajamaliza soda. Nyingine aliziota kweli. Nyingi alizitunga akiwa macho, akipepeta mchele, kwa kuwa mwenye ndoto haulizwi alijuaje. Akisema ameota, binti atakasirika kidogo, atashuka, na huenda usiku ule akapata nafasi ya kuitoa ile oili kwa siri. Hakuna atakayejua. Angebaki kuwa mama mwenye maono badala ya mama aliyeharibu.

Midomo yake ilikuwa imeshafunguka.

"Sijaota," alisema. "Nimetia oili ya baba yako humo ndani. Kopo zima. Niliogopa."

Binti aliondoa mkono kwenye ufunguo polepole, kidole kimoja kimoja, kama anayetoka penye nyuki. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama kwa vidole viwili, rangi yake haikuwa asali tena.

"Mama," alisema tu. Kisha akaenda ndani kupiga simu, na Mama Mpishi akabaki amesimama na ndala zake.

Fundi wao aliitwa Taratibu, na jina alilistahili. Alikuja na beseni lake, akatandika gunia, akaingia chini ya gari bila kusema kitu. Oili ilipoanza kumwagika alitoa kichwa.

"Mama Mpishi, humu ulikuwa unapika nini?"

"Niache, mwanangu."

"Hapana, nauliza nijue. Nisije nikawa namwaga chakula cha watu."

Binti, aliyekuwa amegeukia ukuta, mabega yakaanza kumtikisika. Mama Mpishi alidhani analia, akasogea. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwemo pia.

"Haijawashwa tangu Jumatano," Taratibu alisema kutoka chini. "Nzito imelala hapa chini tu, haijapanda popote. Tutaimwaga yote, nisuuze kidogo kwa ile yenyewe, tuweke chujio jipya. Injini haijui hata kama ulikuja kuitembelea."

Haijui. Mama Mpishi alitafuta pa kukaa, akakuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

Binti alikuwa na makopo ya akiba, tano na arobaini, akamletea moja. "Mimina wewe."

"Mimi tena?"

"Wewe. Nusu kwanza, halafu tunapima."

Alimimina. Ilikwenda kwa haraka, nyepesi kama jana, na jana ilikuwa imemtisha. Wakapima, wakangoja, wakaongeza, wakapima tena, mpaka ikakaa baina ya alama mbili. Binti aliwasha. Mshale wa oili ulipanda mara moja ukatulia, na injini ikanguruma kwa sauti moja isiyokwaruza. Taratibu alitega sikio, akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja gunia lake.

"Ungeniambia umeota," binti alisema bila kumtazama, macho yako kwenye mshale, "ningewasha."

"Ungewasha?"

"Ndoto zako nilishaacha kuziogopa siku nyingi. Ningekubusu nikaondoka."

Mama Mpishi aliweka mkono kwenye dirisha la gari, na binti akaweka wake juu yake, na wakaiacha injini ipate moto.

Jumamosi saa nne na nusu, jikoni hospitalini, ujumbe uliingia: *Nimemaliza zote kumi. Injini nzima, mimi mzima. Jibu Jumatatu.* Aliusoma mara tatu, akazima moto mmoja uliokuwa hauna kazi, akakaa kwenye benchi la kumenyea viazi. Dirishani upepo ulikuwa unaingia na kutoka. Baadaye alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni, ili akaibandike saluni:

MAMBO YA KUEPUKA

Usichague oili kwa kuisugua vidoleni.

Usitie oili ya lori kwenye gari la tabo, hata kama marehemu aliisifu.

Usichanganye mbili ukidhani zitasaidiana.

Usiongeze bila kupima, wala usipite alama ya juu.

Ukikosea, usiruhusu injini iwashwe. Ita fundi.

Usinunue kopo kabla ya kusoma kitabu cha gari. Kama huoni vizuri, usomewe.

Usisimulie ajali ya mtu usiyemjua.

Usione haya kumwuliza uliyemzaa.