Swali Moja, Mizunguko Kumi

Kambini kwetu hakuna aliyekuwa na swali. Mkuu wetu wa zamani, tuliyembatiza Radi, alikuwa na dawa ya wauliza maswali: swali moja, mizunguko kumi ya uwanja, bunduki juu ya kichwa. Alipostaafu tuliagana naye kwa nyuso za huzuni na mioyo ya sikukuu, lakini ndimi zetu zilishazoea kulala.

Akaja Meja mpya, mwembamba, mpole, msema haraka. Asubuhi ya zoezi lake la kwanza alibandika ramani ukutani, akatupitisha njia nzima kwa kijiti, kisha akauliza kama kuna swali. Watu arobaini tukatazama viatu vyetu. Akafurahi, maskini, akidhani ameeleweka.

Mimi, koplo dereva wa gari la mbele, nilijua jambo. Daraja la mbao alilolionyesha lilikuwa limeng'olewa wiki iliyopita ili lijengwe upya. Nililiona kwa macho yangu nilipokwenda kuchota maji kwa lori. Lakini mezani kwa Meja kulikuwa na ombi langu la ruhusa, bado halijatiwa saini. Jumamosi mama yangu angetoka hospitali baada ya miezi miwili, na alishawaambia wauguzi kwamba haondoki na mtu mwingine ila mwanawe. Mkono utakaokusainia hauchokozwi. Nikanyamaza.

Meja alikaa kando yangu, magari sita yakitufuata. Kila kona nilijiambia nitasema kwenye kona inayofuata. Kona zikaisha. Nikafunga breki ukingoni mwa mto, mbele yetu nguzo mbili na maji.

"Ulijua?" akauliza Meja.

"Ndiyo, afande."

"Na nilipouliza kama kuna swali?"

"Sikuwa na swali, afande. Nilikuwa na jibu."

Nilidhani nimejimaliza mwenyewe. Lakini maji ukiyavulia nguo yaoge, kwa hiyo nikamweleza habari zote za Radi na mizunguko yake. Akaamuru tugeuze magari.

Kesho yake alitukusanya uwanjani. Akasema sheria ya mizunguko inabaki, ila sasa mkimbiaji ni yeye: kila mwenye la kusema aseme, na kwa kila jambo yeye Meja atazunguka mara moja. Tukatazamana. Mpishi akanikanyaga mguu, maana yake mwenye mama hospitali atangulie.

Nikainua mkono. "Afande, ile ruhusa yangu ya Jumamosi ni ya kumtoa mama hospitali."

Alinitazama kwa mshangao. "Iko mezani siku ya nane. Umeandika 'shughuli binafsi', nikaona inaweza kusubiri."

Akamtuma karani ailete, akaisaini juu ya mgongo wa karani huyohuyo, akavua kofia na kuanza kukimbia. Siku hiyo alizunguka mara kumi na saba. Mpishi peke yake alikuwa na matano, yote kuhusu kuni.

Jumamosi nilimkuta mama kitandani, mkoba wake bado uko mvunguni. Akaniuliza nimewezaje kuachiwa. Nikamwambia nilisema tu.

Alinishika mkono. "Nilishamwambia muuguzi abadilishe shuka, nalala tena," akasema. "Si nakujua wewe."