Neno Moja la Bi Biasha

Twaiba alikuwa amejipa kazi asiyoombwa: kunakili nyimbo za bibi yake kwa herufi za kizungu kabla panya wa Msambweni hawajalimaliza daftari. Bi Biasha alizitunga enzi zake za kuimba harusini, akaziandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo wa kizamani ambao o na u ni alama moja, na e na i vilevile. Msomaji ndiye anayejua ajaze nini.

Tuseme ukweli, kazi hiyo ilikuwa pia kisingizio. Feisal wa Ukunda alikuwa ameleta posa, na Mzee Sharif, babake Twaiba, alitaka jibu la bintiye kabla ya swala ya Ijumaa. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: duka lake, adabu zake, hata meno yake. Ila kila alipotajwa, Twaiba alipiga miayo.

Alhamisi alasiri alifika kwenye wimbo mmoja, machozi yakamlenga. Akatoka na daftari mpaka uani, Bi Biasha alipokuwa akikuna nazi.

"Bibi, kumbe uliteseka hivi na hukutwambia?"

"Niliteseka na nini tena?"

Twaiba akasoma: "Nimeuliwa, mama, leo usiningoje chakula."

Bi Biasha akacheka mpaka akashika kiuno. "Nimeuliwa na nani, mjukuu wangu? Nimeolewa! Huo ni wimbo wa furaha. Niliuimba kwenye harusi yangu mwenyewe, watu wakanituza."

Twaiba akaziangalia tena zile herufi. Kweli, maneno yote mawili huandikwa sawasawa. Lakini hakucheka, na bibi yake alipoona hivyo, naye akaacha.

"Mimi niliandika harusi," akasema polepole. "Hilo la kuuliwa umelitoa wapi?"

"Simtaki, bibi." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujisikia akilisema hilo. "Feisal ni mtu mwema, lakini simtaki."

Bi Biasha akafuta mikono kwa leso. "Sharif! Hebu njoo, mwanangu." Alipotokea mlangoni, akamgeukia Twaiba. "Msomee babako. Kama ulivyonisomea mimi."

Twaiba akausoma ule mstari vilevile: "Nimeuliwa, mama." Sharif, aliyeimbiwa wimbo huo tangu yuko mgongoni, akafungua kinywa amsahihishe. Akamtazama bintiye, akakifunga.