Miiba ya Maji ya Juu

Ignas alikuwa na ugomvi na watu wa ofisini kwake. Tangu wizara ihamie Dodoma, wenzake aliotoka nao Dar es Salaam hawakuchoka kuisema nchi ya watu: vumbi, upepo, miti ya miiba, basi. Likizo ikifika walikimbilia pwani kama watu waliofunguliwa mahabusu. Yeye ni mzaliwa wa Mahenge, lakini alikuwa ameoa huku huku, na maneno yale yalimchoma. Akaapa kuwaonyesha. Kila alipopata siku za mapumziko alizunguka vijijini na simu yake akitafuta mahali pazuri pasipojulikana: kona ya bwawa la Hombolo wanakolala ndege weupe, au bonde la nyuma ya Gulwe ambako mto hukauka na kuacha mchanga mwekundu uliokunjamana vizuri ajabu. Picha alizibandika kwenye kundi la idara, na chini yake akaandika: "Hapa nako ni vumbi?"

Julai hii ilikuwa zamu ya ukweni, kijiji kilichoko mbele ya Mlali, wilayani Kongwa. Mtoto wao Jordan alikuwa shule ya bweni, hivyo walikwenda wawili tu, yeye na mkewe Anitha.

Ukweni kule kuna heshima yake. Mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ila kwa kupitia mtu. Kwa miaka yote ya ndoa, Ignas alimfahamu Mama Noeli kwa sauti ya upande wa pili wa ukuta na kwa mgongo unaopotelea jikoni. Ukarimu wake, huo aliufahamu sana. Maji ya kuoga yalikuwa ya moto kabla hajaamka. Mlenda wa karanga ulipikwa kila siku kwa sababu aliwahi kuusifia mara moja. "Mwambieni mkwe aongeze," sauti ilisema kutoka jikoni, na Anitha akamwongezea huku akicheka.

Siku ya pili shemeji yake Noeli, kaka wa Anitha, akampeleka kwenye jabali nyuma ya kijiji. Upande mmoja jabali lile lilikuwa limelala taratibu, hata ng'ombe angeweza kulipanda. Juu yake, katikati ya mwamba mtupu, palikuwa na maji. Si dimbwi la kuruka mtu. Yalikuwa maji mapana, ya kina, yenye mayungiyungi meupe, na mbingu yote ya Kongwa imelala ndani. Mbele yake, pale pa kupitia, palizibwa kwa matawi ya mgunga yenye miiba mirefu kama kidole.

"Tunapaita Maji ya Juu," Noeli alisema. "Ni ya mvua, hayana chumvi. Sasa hivi yamefungwa. Visima vya mtoni vikikauka, mama anakuja anayafungua, na kijiji kizima kinakunywa hapa mpaka mvua. Kazi hiyo aliachiwa na bibi yetu."

Ignas aliitikia "Aisee!" na macho yake yako kwenye mayungiyungi. Alisikia kama mgeni anavyosikia, sikio moja linapokea na jingine linaaga.

Kesho yake asubuhi alirudi peke yake. Mwanga ulikuwa mzuri, maji yametulia, lakini kila alipoinua simu miiba ilijitokeza mbele ya picha. Akaishika kwa uangalifu, tawi moja moja, akaiweka kando. Ignas ni mtu nadhifu. Hata mabuti yake mlangoni hutazama upande mmoja. Matawi yale aliyapanga, mashina upande huu, miiba upande ule. Akapiga picha mpaka akatosheka. Kisha akaona pelele wawili, wale wanyama wadogo wa miambani, wakiota jua, akawafuata taratibu, akagundua njia ya kushuka upande wa pili kupitia mikuyu. Huko nako palikuwa pazuri. Akasahau kabisa kwamba ameacha mlango wazi nyuma yake.

Jioni ya siku hiyo vilio vilisikika kijijini. Wafugaji wa bondeni walikuwa wamepandisha ng'ombe wao, kundi baada ya kundi, na Maji ya Juu yamebaki tope na kinyesi.

Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa kitongoji, aliwaita watu asubuhi palepale kwenye mwamba. Wanaume walikaa juu ya mawe, wanawake wakajitenga upande wao. Ignas, kwa kuwa ni mkwe, aliletewa kiti cha plastiki kutoka nyumbani. Akakaa juu ya kiti hicho akiwaona watu wote, na watu wote wakimwona.

Alikuwa hajalala vizuri. Alikuwa ameshaelewa ni nani aliyefanya nini. Tumaini lake, na lilimtia aibu hata alipokuwa akilishikilia, ni kwamba wafugaji wangebebeshwa mzigo.

Marko, mkubwa wa wafugaji, akasimama na fimbo yake. "Wazee, sisi si wezi wa maji. Tulikuta miiba imewekwa kando. Ingekuwa imevurugwa, tungesema ni wanyama, tungeifunga wenyewe. Imepangwa, mashina huku, miiba kule. Tangu wakati wa babu zetu, miiba ikipangwa hivyo maana yake mwenyewe amefungua, kila mwenye kiu aje. Tukaja."

Watu wakaguna wakikubali. Ndiyo desturi. Ignas akahisi kiti kinamchoma. Unadhifu wake ndio uliosema uongo.

"Basi," alisema Mzee Bartolomayo, "nauliza. Nani aliyefungua maji?"

Mzee akatazama chini, akachora kitu mwambani kwa ncha ya mkongojo.

"Nauliza tena. Aliyefungua, aseme tu. Hapa ni nyumbani."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Ignas: ni mimi, wazee, nisameheni, sikujua. Ni maneno madogo. Lakini akawaza atakavyoonekana, afisa mzima wa serikali, na kiti chake, mbele ya wakwe. Akajiambia atamweleza Noeli baadaye, faraghani, kistaarabu. Kumbe woga ukivaa koti la ustaarabu mtu haujui tena.

"Kwa mara ya mwisho. Nani aliyefungua?"

Upande wa wanawake mtu akasimama. Ignas hakuinua macho, lakini sauti aliijua.

"Ni mimi," alisema Mama Noeli. "Maji haya anayafungua nani kama si mimi?"

Anitha akatoa sauti kama mtu aliyejikwaa. Mzee Bartolomayo akangoja, akangoja sana, na hakuwa akimtazama yule mama. Mwishowe akashusha pumzi. Akasema aliyefungua maji kabla ya wakati wake hawezi kuachiwa maji tena. Ndivyo desturi ilivyo, na si yeye aliyeiweka. Kazi ile akapewa Ruthu, jirani. Mama Noeli akaitikia "Haya", akakunja kanga yake vizuri, akashuka jabali akiwa wa kwanza.

Mchana ule Ignas alimkuta Noeli akirekebisha zizi. Akaanza mbali, kama anayesoma hotuba. Noeli akamkatisha.

"Tunajua, shemeji."

"Mnajua?"

"Tangu jana jioni. Nyayo za mabuti zimejaa kule kwenye mikuyu. Huku nani anavaa mabuti?" Akagongomea mti ardhini kabla ya kuendelea. "Hata Marko alijua."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Mkwe hasemwi. Mkwe anasema mwenyewe. Ungesema, tungekucheka wiki nzima, tungekutania mpaka uzeeni, ungetoa mbuzi tukamla pamoja, yameisha. Mkwe kukosea ukweni si ajabu, hata baba alishawahi kuanguka kisimani kwa kina mama. Ndiyo maana mzee aliuliza mara tatu. Zote zilikuwa zako."

Ignas akashika nguzo ya zizi. "Nitasema sasa. Nitamfuata mzee leo hii."

"Useme mama ni mwongo? Amekwisha kusema mbele ya watu. Ukisema sasa unamvua nguo mara ya pili."

"Basi nitaleta maji. Nitatafuta gari la maji, lije kila wiki mpaka mvua."

"Lete. Watu watakunywa na watashukuru." Noeli hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Ignas. "Lakini mimi siongelei maji."

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, ila huyu wa Ignas hakungoja hata kuzaliwa mtoto. Usiku alimwomba Anitha ampelekee mama neno la msamaha. Anitha akaenda, akarudi, akapanda kitandani bila kumtazama. "Amesema mkwe amekula kidogo leo. Anauliza kama mlenda ulikuwa na chumvi nyingi."

Waliondoka asubuhi iliyofuata, likizo ikiwa haijafika nusu. Gari lilipokaribia mto, Ignas aliona mbele msururu wa wanawake wakirudi kutoka visima vya mtoni, ndoo kichwani. Wengine walisogea pembeni kidogo, wakapunga mkono. Wa mwisho alitoka njiani kabisa, akaingia kwenye majani makavu, akageuza uso upande wa pili na kusimama kimya, kama mwanamke mwenye adabu zake anavyompisha mkwe.

Ignas akakanyaga breki. Alitaka kushuka, apige magoti palepale vumbini, mila ikasirike inavyotaka.

"Unafanya nini, Baba Jordan?" Anitha alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Hawezi kurudi njiani mpaka upite. Unamsimamisha juani na ndoo kichwani."

Ignas alitazama ule mgongo. Maji yalikuwa yakichuruzika kidogo kutoka kwenye ndoo, yakiloanisha bega la kanga. Akaachia breki, akapita polepole ili asimtimulie vumbi.