Breki Ziko Mbele

...au wapite chini, kandokando ya mto, njia tambarare mpaka inachosha, huko hata ukisinzia baiskeli inaendelea yenyewe, hakuna aliyewahi kuumia chini labda kwa kuumwa na mbu, ndiyo, aseme chini, yaishe, ila akisema chini yule bwana atanyamaza, na kunyamaza kwake anakujua, atasema "sawa" halafu atasafisha mnyororo ambao tayari ni safi, atausafisha mpaka jioni... "Umeamua, Abiria?" Mumewe huyo, kutoka sebuleni, baiskeli ameipindua magurudumu juu kwenye magazeti ya zamani, spana inalia kli, kli. "Bado, Dereva, usinikimbize." "Mama wa nyumba ya wageni kule juu anataka jibu leo, anasema vyumba vinaisha." "Visiishe basi!" Akacheka mumewe, na yeye akacheka kidogo, kicheko cha mezani, cha kufukuza nzi, kisha akainamia tena ramani iliyofunika meza yote ya jikoni, kidole gumba kikiwa pale pale juu kabisa, ambapo barabara ya mlimani inaacha kupanda na kuanza kushuka, inashuka, inajikunja, inashuka tena, kona juu ya kona, na breki ziko mbele, Mungu wangu, breki zote mbili ziko mbele.

Kwa sababu baiskeli yao ni ya watu wawili, kiti mbele na kiti nyuma, waliinunua kuukuu wangali wachumba, watu mtaani wakawacheka, wakaitana Dereva na Abiria kwa kuwawahi wachekaji, na jina likaganda, na siku ile ile wakawekeana sharti, wa mbele ana breki, wa nyuma ana ramani, mwenye breki haulizi tunakwenda wapi, mwenye ramani hapigi kelele kwenye kona, na halijavunjwa sharti hilo hata siku yeye Abiria alipowapeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, wakakuta geti na mbwa, mumewe akageuza tu, hakusema neno, mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko lakini neno hakusema, ndiyo maana alimpenda, hiyo ni sababu mojawapo, na usukani wake yeye wa nyuma ni chuma cha kushikilia tu, haugeuki, haufungi chochote, miaka yote hii ameshika chuma kisicho na kazi huku akitazama mgongo wa mwanamume mmoja, anaujua ule mgongo kuliko uso wake, anajua mpando unakuja kwa jinsi shingo inavyozama, anajua mteremko, anajua hofu... mwezi uliopita ndipo alipoiona hofu, asubuhi ya ubaridi, wanajaribu matairi mapya kwenye kiteremko kile kidogo cha nyuma ya shule, kiteremko cha watoto, wakapita geti walipopaswa kusimama, wakapita mti, wakapita na duka, mabega yamepanda mpaka masikioni, akasikia krrr chini, akadhani pancha, kumbe ni viatu, mtu mzima anaburuta viatu kusimamisha baiskeli yenye breki mbili nzima! "Nimeupenda upepo," akasema mumewe waliposimama, anajichekesha, mikono ameichomeka kwapani. Upepo! Na usiku ule... hapana, asubuhi yake, alivipindua viatu vya mumewe mlangoni akaona soli imelika upande mmoja, akavirudisha vilivyokuwa, kisigino kwa kisigino, kama mwizi.

Vidole vya mumewe vinakuwa vyeupe. Baridi ikigusa tu vinakuwa vyeupe kama vya mtu mwingine, vinagoma, leo asubuhi kifungo cha shati kimemshinda, akavaa fulana ya kuvuta kichwani, akasema joto, nani anasikia joto kipupwe hiki, na huyo ni fundi saa, jamani, mtu anayekula kwa ncha za vidole, na yule fundi mwenzake wa dukani, wanamwita Lenzi kwa ile miwani yake minene, akamvuta yeye pembeni alipopitia pale na kitambaa cha mapazia anayoshona, "Shemeji, mzee yuko salama? Mbona saa zote ndogo siku hizi ananisukumia mimi? Anasema macho." Macho! Macho yanayoona uzi mmoja uliopinda kwenye pazia la futi nane! Akamjibu Lenzi kwamba ndiyo, macho, uzee huo shemeji, akacheka naye, akarudi nyumbani na uongo wa mumewe chini ya kwapa pamoja na kitambaa, na tangu siku hiyo uongo ni wa wote wawili, wanaulea, wanaupitisha mezani pamoja na chumvi.

"Unataka chai, Dereva?" "Weka maji." Ameshayaweka, hata hayajaanza kulia. Basi aseme chini. Aseme goti linamuuma, ameanza hata kuchechemea kidogo tangu juzi, ila juzi alichechemea mguu wa kushoto na jana wa kulia, na bwana yule alimtazama tu akaendelea kunywa chai yake. Au wanunue zile breki za mafuta, laini, za kidole kimoja, lakini atauliza za nini, na hicho kidole kimoja chenyewe je. Au amwambie ukweli. Binti yao alipopiga simu alisema hivyo hivyo, "Mama, si umwambie tu?" "Nimwambie nini?" "Kwamba anazeeka, basi," kwa wepesi huo, mtoto yule anaongea kama anayeagiza sukari, hajui kuwa mtu akishaambiwa hivyo na mkewe hakuna pa kwenda kukanushia. Na juu ndiko anakokutaka. Kila kipupwe anasema, tutaupita ule mlima kabla sijawa babu wa kubebwa, na ni kipupwe tu, kwa kuwa masika barabara inamomonyoka na kiangazi malori yanaijaza, kipupwe ndipo malori yanakatazwa na mlima unabaki wa watu, na kila kipupwe yeye mwenye ramani akachagua kwingine, mwaka ule msitu, mwaka ule mashamba ya chumvi, mwaka huu ameahidi, kwa mdomo wake, mbele ya binti yao. Jalidi, umande ulioganda, kwenye kona za kivuli. Mkono mweupe kwenye breki. Kona, ukuta, bonde. Kona...

Anaumia. Mkono wake wa kulia unauma, na alipoutazama akaona umeng'ang'ania ukingo wa meza, umeufinya, kumbe kila kidole gumba cha kushoto kinapopita kona kwenye ramani mkono wa kulia unafinya, unafunga breki, ameshuka mlima mzima hapa hapa jikoni akifunga breki kwenye mbao. Mkono wa mkasi huu. Mkono unaokata kitambaa kizito kutwa nzima, tabaka nne, bila kutetemeka. Na vifuniko vya chupa ni nani anavifungua nyumba hii sasa? Nifungulie, mikono yangu ina mafuta... mafuta gani, siku nzima mafuta... amekuwa akimfungulia tangu lini, bila hata kuacha anachofanya? Basi si akae mbele yeye. Ni hilo tu. Akae mbele, ashike... lakini wa mbele hana ramani. Akikaa mbele ramani inahama, sharti ni sharti, na ramani ikihama mumewe atachagua mlima kabla hajamaliza kuikunjua, na yeye atakuwa na upepo usoni, hana mgongo wa kuutazama, barabara yote wazi mbele yake na yule bwana nyuma ameshika chuma kisicho na kazi, uzito wake wote unamsukuma, na hata akiogopa haruhusiwi kupiga... hapana, mwenye breki ndiye asiyeuliza... Msitu ulikuwa tambarare. Mashamba ya chumvi tambarare kama sahani. Vidole vilikuwa bado vizima miaka ile. Ilikuwa nini basi, kama si yeye, amekaa nyuma akifunga breki kwa ramani, mwaka baada ya mwaka, na mtu wa mbele haulizi?

"Abiria! Umeamua?"

"Dereva," akasema, "naomba nikae mbele."

Spana ikanyamaza. Atakasirika, atasema kwa nini, atajua, ameshajua, Lenzi amemwambia, viatu, alivirudisha vibaya viatu... maji jikoni bado kimya, magazeti sebuleni yakachakarika, mtu anabadili goti.

"Basi lete ramani," mumewe akasema.

Akasema hivyo tu, taratibu, kama mtu aliyeisubiri kwa muda na hataki ionekane. Na yeye akaendelea kukaa, kidole gumba kikiwa juu ya mlima, anaogopa kuliko alivyoogopa alipoamka, ila sasa anachoogopa ni barabara tu.