Hariri ya Dada

Hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi. Haya, labda wifi yake fundi, maana ndiye aliyenihadithia, na husema kila nikiisimulia naiharibu.

Fundi alikuwa mshonaji wa miaka mingi, lakini asubuhi hiyo mkasi ulimshinda. Mezani alikuwa ametandaza hariri nyeupe aliyoiacha marehemu dada yake, ili bintiye aolewe nayo. Kipande kingine kama kile hakikuwepo, hata ungelia machozi ya damu. Fundi akapima, akapiga chaki, akafuta, akapima tena. Kisha akaenda kunywa maji, na tumbo lilikwishajaa maji pomoni.

Wifi yake, muuza vitabu vya mtumba, akaingia bila hodi.

"Wifi, bado tu? Bibi harusi aolewe na taulo?"

"Niache. Mkono unatetemeka kama nimeshika nyoka."

Wifi akavuta kigoda. Siku hizo alikuwa akisoma kitabu cha Wastoa, wenye hekima wa kale, na hata mnunuzi wa kamusi alipewa mahubiri yao bure.

"Tuseme umekosea. Kisha?"

"Toba! Usitaje!"

"Nataja. Hao Wastoa walikuwa wanaiangalia hofu usoni mapema, isije ikawavamia. Umekosea. Kisha?"

"Kola imekwenda upande."

"Kisha?"

Fundi akafikiri. "Nitaweka kiungo. Nitakificha kwa lesi."

"Kisha?"

"Watu watasema."

"Midomo yao umeishona wewe? Hiyo si yako. Yako ni ipi?"

Fundi akatazama meza. "Chaki. Mkasi. Na jicho langu."

"Basi shika vyako, vya watu waachie wenyewe. Mimi natoka, maana natetemeka kuliko wewe."

Hofu haikuondoka, ilikaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Fundi akaiacha ikae. Akaegemea meza, akavuta pumzi, akakata. Mkasi ukaenda polepole, ukifuata chaki mpaka mwisho. Ndipo akalia kidogo kwa ajili ya dada yake, uso ameugeuzia dirishani, asije akaitia hariri madoa.

Alasiri binti akaja, wifi nyuma yake. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya meza, vipande vimepangwa mbele yake, hakuna hata kimoja kilichokwenda upande. Binti akavigusa kwa ncha za vidole, machozi yakimlengalenga.

"Mama mdogo, hukuogopa?"

"Niogope nini, mwanangu? Mkono haukutikisika hata chembe. Nilikuwa nakata huku naimba."

Binti akainua kipande cha kola. Chini yake kikatokea kingine, sawasawa kabisa, ila hiki kilikuwa cha maua mekundu.

Wote watatu wakalitazama gauni pana la maua mekundu alilovaa fundi. Pale tumboni, alipoegemea meza akikata, shimizi ilikuwa inachungulia kupitia tundu lenye umbo la kola.

"Wifi," akasema muuza vitabu, "na huo wimbo ulikuwa unaitwaje?"