Friza ya Mama

Watu wanaokuja kununua vitu vikuukuu kwenye mauzo ya gereji hawana haya hata kidogo. Tangazo niliandika mwenyewe kwa wino mwekundu, SAA MBILI ASUBUHI, nikalipigilia kwenye nguzo ya kona pale kila mtu anapita. Lakini jua halijakaa vizuri, jamaa mmoja mwenye kofia yenye nembo ya trekta alikuwa ameshainama nje, anachungulia chini ya mlango wa gereji yetu.

"Bwana wee, tangazo hukuliona?" nikamuuliza.

"Nimeliona, dada. Ile friza ya pale nyuma mnauza kiasi gani?"

"Haiuzwi!" Baba akadakia kutoka ndani, kabla sijafungua mdomo.

Friza yenyewe ilikuwa imebandikwa karatasi ya HAIUZWI, herufi kubwa kama za kanisani, na Baba alikuwa ameweka kiti chake cha kukunja mbele yake. Siku zote tatu za mauzo alikaa pale na kofia yake. Kila baada ya muda mtu anakuja, anaigonga kwa vidole, anauliza bei. Mama mmoja alifunua hadi mfuniko. Baba alisimama kwa hasira nikadhani atampiga.

Naomba nieleze. Mama yetu, Ardis, alifariki mwezi wa pili, ardhi imeganda kiasi kwamba ilibidi makaburini waipashe moto kwanza ndipo wachimbe. Lakini alikuwa ameshaambiwa na madaktari tangu majira ya majani kuanguka. Na alipoambiwa hakulia, angalau si mbele yetu. Alirudi nyumbani akafunga aproni akaanza kupika. Baba, mzee Orlin, amefanya kazi kwenye maghala ya mahindi maisha yake yote na hajui kuchemsha yai. Basi Mama alipika supu ya kuku na ule mchele mweusi unaoota majini ziwani, akapika kababu kwenye mchuzi wa maziwa, akapika nyama na viazi, akajaza katika ndoo za aiskrimu tulizokuwa tunakusanya miaka nenda miaka rudi, akazipanga ndani ya friza ya gereji. Mwishoni alikuwa anapika amekaa kwenye stuli, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Baada ya mazishi Baba akajiwekea utaratibu. Siku za kawaida anakula mkate na jibini, au anachomletea jirani. Jumapili akitoka kanisani anatoa ndoo moja, anaipasha, anakaa mezani peke yake na kula polepole. Mimi na mdogo wangu Darrell hatukaribishwi. Ilipofika mwezi wa sita, ndoo zilikuwa zimebaki tatu. Na nyumba ilikuwa imeshauzwa, kwa kuwa ngazi zilikuwa zimemshinda, na mwezi wa saba alikuwa anahamia kwenye fleti za wazee karibu na hospitali. Friza anahama nayo, akasema, hata kama itabidi yeye alale kwenye kochi.

Ukweli ni kwamba mimi niliona ule ni upuuzi. Nikamwambia, "Baba, si uzile tu zote kabla hujahama? Tutakaa pamoja, tutakula, tutamkumbuka Mama."

"Zikiisha, Marlys," akasema, "nitakula nini tena cha mama yako?"

Nikarudi kwenye karatasi zangu za bei.

Sasa, mji wetu wote huuza siku hizo hizo, Alhamisi hadi Jumamosi, wiki ya pili ya mwezi wa sita. Kila gereji wazi, kila mtu anamwuzia mwenzake takataka alizonunua kwake mwaka jana. Mimi nilikuwa nimekuja na mpango: tuimalize nyumba, tubaki na masanduku machache. Lakini ningeweza vipi na familia hii? Darrell nilimtuma donati, akarudi bila donati, amebeba kiti cha kinyozi.

"Darrell, tunauza! Hatununui!"

"Dada, ukikanyaga hapa kinapanda juu. Hebu kaa."

"Sikai!"

Nilikaa. Kilipanda juu kweli. Lakini hilo silo nililokuwa nataka kusema.

Baba ndiye alikuwa balaa zaidi, kwa sababu hajui kusema uongo. Mteja akishika kitu tu, Baba kutoka kwenye kiti chake: "Hiyo inaunguza mkate upande mmoja." Au: "Redio hiyo inashika stesheni moja, tena ya mahubiri." Nilimvuta pembeni nikamwambia, Baba, utatufukuzia watu. Akasema yeye hataki mtu afike nyumbani kwake aanze kumlaani mtu aliyefiwa.

Alhamisi, kabla ya saa sita, akaja binti mmoja mjamzito, tumbo liko mbele, jasho linamtiririka. Joto lilikuwa kali wiki ile, la kukufanya uichukie nguo yako mwenyewe. Akashika feni yetu kubwa ya kijani.

"Inafanya kazi hii, mzee?"

"Ngoja uone kwa macho yako," Baba akasema. "Sitaki ukalale na joto usiku halafu unitukane."

Gereji ile ina tundu moja tu la umeme, nyuma ya friza. Baba akasogeza kiti, akapiga goti kwa kuguna, akaingiza mkono nyuma, akachomoa waya na kuchomeka feni. Ikazunguka. Nywele za yule binti zikaruka, karatasi zangu za bei zikapeperuka mpaka barabarani, na Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, vile alivyokuwa akicheka zamani. Mimi na Darrell tuligeuka wote wawili. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu Mama augue.

Akamkataza binti asiibebe. Akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari, akasimama pale dirishani akimsimulia jinsi mkewe alivyokaa mbele ya feni hiyohiyo akiwa na mimba yangu, ananilaani mimi kwa joto lile. Aliporudi, Darrell alikuwa ameshaliona tundu tupu na kuchomeka birika la kahawa ya wateja. Likaunguruma kutwa nzima. Baba akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaendelea kuilinda friza.

Jumamosi jioni tulikuwa tumechoka, tunakunja meza. Baba alikuwa ndani anaoga. Nikaenda kuchomoa birika, na kiatu changu kikakanyaga maji.

Sikutaka kufunua mfuniko. Nilifunua. Hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, na harufu ikaja nyuma yake. Ndoo tatu zilikuwa zimekaa chini kabisa, barafu imeyeyuka yote. Nikabandua kifuniko cha moja. Supu ya kuku. Ilikuwa imefanya povu.

"Darrell," nikaita. "Darrell, njoo hapa."

Akaja akitafuna. Akaangalia ndani, akaangalia waya uliolala sakafuni. Akaacha kutafuna.

"Feni," akasema.

"Feni. Yule binti."

"Mungu wangu. Ni Baba mwenyewe."

Mimi mtu wa kupanga, nikaanza kupanga. "Sikiliza. Naijua ile supu. Nitapika usiku huu, nitajaza ndoo, tutagandisha..."

"Atajua kijiko cha kwanza, dada. Wewe chumvi unaipima kama dawa."

"Basi tufanyeje? Tumwambie kwamba ameua chakula cha Mama kwa mkono wake?" Na hapo ndipo nikalia, kwa hasira, nimeshika kifuniko cha plastiki mkononi.

Tukasikia mlango wa jikoni. Baba akatokea, nywele zimelowa, shati safi. Akatuona. Akaona mfuniko uko juu.

"Kuna nini hapo?"

"Baba," Darrell akasema, "ni mimi. Nilitaka kuchomeka birika la kahawa. Nikachomoa friza nikasahau. Alhamisi ile."

Nikamgeukia. Hakuniangalia.

Baba alitembea taratibu mpaka kwenye friza. Akatia mkono ndani, akaigusa kila ndoo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegusa mtoto mwenye homa. Kisha akageuka, na mimi katika maisha yangu sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile. Mpaka jirani wa upande wa pili akasimamisha mashine yake ya kukata majani.

"Toka ulivyozaliwa! Ukaacha mpira wa maji wazi tukafurikwa na maji! Ukaendesha lori langu juu ya ziwa barafu ikiwa nyembamba! Kila siku mama yako anakutetea, ni mtoto, Orlin, mwache, ni mtoto! Una miaka hamsini! Leo nani atakutetea? Nani, Darrell?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Alikuwa hawezi kusimama! Alipika amekaa! Alikuwa hawezi kusimama, wewe!"

"Najua, Baba. Nisamehe."

Mimi nikafungua mdomo. Darrell akanikazia macho na kutikisa kichwa, kidogo tu, nikaufunga. Baba akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, akafunika uso kwa mikono, na kilio kikatoka chote, kile ambacho hakukitoa kanisani wala makaburini. Darrell akapiga magoti kwenye yale maji akamshika. Baba akamsukuma. Akamshika tena. Mara ya tatu akaacha ashikwe.

Zile ndoo hakutaka tuzimwage sisi. Alizimwaga mwenyewe nyuma ya nyumba, akaziosha kwa sabuni, akaziweka juani zikauke. Friza tuliigawa bure Jumatatu, kwa yule jamaa wa kofia ya trekta.

Baba aliishi miaka mingine miwili kwenye zile fleti. Alizoea. Alipata rafiki wa kucheza karata na adui wa kugombea naye dirisha. Na kila Darrell akija kumwona, Baba anamtambulisha kwa wauguzi: "Huyu ndiye mwanangu aliyeozesha mapishi ya mama yake. Msimwache karibu na plagi yoyote, tutakufa humu." Wauguzi wanacheka. Darrell anacheka pamoja nao, anainua mikono juu: "Ni mimi huyo huyo. Sigusi kitu." Baba anafurahi. Ukawa ndio mchezo wao, kila wiki.

Mimi ulikuwa unanichoma. Siku moja kwenye maegesho nikamwambia Darrell, "Imetosha. Leo namwambia Baba ukweli."

"Umwambie ili iweje?"

"Ili akuache!"

"Mimi nimezoea kulaumiwa, dada," akasema, akitafuta funguo mifukoni. "Yeye hajazoea."

Majira ya baridi ya mwaka wa pili Baba akaanguka kwa ugonjwa wa mapafu. Tukaitwa. Alikuwa mdogo kitandani, pumzi inakuja na kwenda, lakini akili yake ilikuwapo. Aliniuliza kama barabara zimesafishwa theluji. Akasema kiti cha dirishani nimpe yule adui yake, amechoka kugombana. Kisha akasema, "Darrell."

"Nipo hapa, Baba."

"Ile ya friza."

"Ndiyo, Baba."

"Nimekusamehe." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nakutania tu siku zote hizi, lakini moyoni nilikuwa bado. Sasa nimekusamehe. Na mama yako nikimkuta nitamwambia hukukusudia."

Nikaangalia ukuta.

"Asante, Baba," Darrell akasema. "Mwambie hivyo."

"Nitamwambia. Haya, nendeni mkale."

Tukatoka. Darrell alifika hatua chache tu kwenye korido, akashika ule ubao wa ukutani wa wazee kushikilia, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, koti la theluji bado liko mkononi. Nikamshika mgongoni. Muuguzi akaja mbio kutoka mezani kwake, akatuangalia, akaniuliza polepole kama mzee ameshaondoka.

Nikamwambia bado, amelala.